Mtoto mnene, anakunywa maziwa, mbona damu imepungua?

Swali: Sisi ni Wakongo wa Uvira, tunaishi Des Moines, Iowa. Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Kwenye WIC, mpango wa serikali ya Marekani wa lishe ya akina mama na watoto, walimtoboa kidole wakasema damu yake (himoglobini) ni 10.2, iko chini. Nimeshangaa, kwa sababu mtoto ni mnene na kwa siku anamaliza chupa tano hadi sita za maziwa. Anachokataa ni chakula. Niongeze maziwa?

Jibu: Hapana dada, yapunguze. Wala usijilaumu, maana akina mama wengi hufikiri kama wewe: maziwa yanapatikana, mtoto anayapenda, anyweshwe ashibe. Lakini lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu moja ya madini ya chuma, na mtoto wa umri huo anahitaji miligramu 7 kila siku. Tena kalsiamu ya maziwa huzuia chuma kisiingie mwilini vizuri. Na tumbo likishajaa maziwa, bugali ataila saa ngapi? Unene unatokana na maziwa hayo hayo. Damu haijengwi nayo. Kwa mtoto aliyefikisha miaka miwili, chini ya 11 ni upungufu.

Mpe vikombe viwili tu kwa siku, yaani kama nusu lita, baada ya chakula. Chupa iondoke kabisa, hasa ile ya usiku. Siku za kwanza atalia sana. Vumilia, njaa itamleta kwenye sahani.

Na sahani iwe ya nyumbani. Maharage mnayopata WIC yapike yalainike, uyaunge kwa nyanya, kisha umpe chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Ndagala zitwange ziwe unga, uunyunyize kwenye mboga. Sombe na lengalenga ni nzuri, ila chuma cha majani mwili hukichukua kwa shida. Tia nyama ya kusaga au samaki, hata kidogo. Chai usimpe kabisa. Hii nairudia kwa kila mama, kwa sababu majani ya chai hufunga chuma tumboni.

Hata hivyo, kwa 10.2 chakula peke yake hakitoshi kumrudisha haraka. Mpeleke kwa daktari, ndiye atakayepima dozi ya dawa ya chuma. Usijinunulie dukani, na chupa ya dawa iwekwe juu asikofika, maana ikizidi huua mtoto.

Baada ya mwezi wa dawa, damu inapaswa kupanda kwa 1 hivi. Isipopanda, omba apimwe selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) na minyoo. Kuhusu madini ya risasi, sumu iliyomo kwenye rangi za zamani, muulize daktari mapema, hasa kama nyumba yenu ni ya zamani na rangi inabanduka: mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi. Siku ya kwenda kwa daktari omba mkalimani wa Kiswahili, hutalipishwa. Usimtumie mwanao mkubwa kutafsiri mambo ya dozi.