Kusini tujiandae kukatika, siyo kupeperushwa tu

Swali la wiki hii: mkazi wa mjini ajiandae vipi ili maafa yasimkute mikono mitupu? Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, orodha ya vitu vya kununua ije baadaye. Tuanze na kalenda, kisha bati.

Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, hapo jirani tu, Aprili 25, 2019. Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024. Vyote vitatu vimekuja mvua zikielekea ukingoni, wakati watu wameshasema msimu umekwisha. Fedha ya korosho nayo huingia miezi kadhaa kabla ya hapo. Misumari inunuliwe wakati huo, kabla fedha haijaishia kwenye sare za harusi.

Upepo mkali huling'oa paa kwa kulinyanyua, na mara nyingi huanzia barazani, kwa sababu pale unaingia chini ya bati na kukosa pa kutokea. Bati la baraza likiunganishwa na la nyumba kubwa, la mbele likiondoka linavuta na la nyuma. Paa la baraza lijitegemee. Kisha panda ngazi uangalie safu ya upenuni na ile ya kileleni, kwenye kofia. Mafundi wenye haraka huruka migongo mitatu minne ya bati bila msumari. Kwenye kingo hizo pigilia angalau kila mgongo wa pili. Msumari ukae juu ya mgongo, usikae bondeni maji yanakopita, na raba yake iwe nzima. Hata hivyo, bati likishika papi (mbao zinazopigiliwa bati) vizuri wakati papi imeshikwa kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kwa msumari mmoja, paa litaondoka na papi zake. Kenchi nazo zifungwe kwenye ringbimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa nondo au ukanda wa chuma. Wanaopanga matofali juu ya bati wanajitafutia balaa, maana paa likicheza yanashuka kwenye vichwa vya watu. Afadhali viroba vya mchanga vilivyofungwa kamba.

Simtanki tupu huruka. Likijaa, lile la lita 1,000 lina uzito wa tani moja, kwa hiyo lijaze mapema: umepata nanga na maji kwa pamoja. Asiye na simtanki ahesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Watu sita kwa siku saba ni lita 168, yaani madumu tisa ya lita 20.

Kwa nini saba, wakati ushauri mwingi unataja siku tatu? Kwa sababu ya barabara. Hidaya ilipopita, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Njia ya Masasi, Tunduru hadi Songea ipo, lakini ni mzunguko mrefu na bei sokoni hupanda. Mwenye presha au kisukari awe na dawa za wiki mbili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ikifika chungwa, chaji simu, nunua betri za redio, angua nazi na makuti makavu, toa fedha taslimu za noti ndogo, maana mtandao ukizima hata wakala mwenye fedha hawezi kukuhudumia. Ikiwa nyekundu, wa Mikindani na wa kando ya ghuba ya Lindi wapande juu mchana, wasisubiri maji yaonekane mlangoni.

Upepo ukikatika ghafla katikati ya kimbunga, usitoke kukagua paa. Huenda ni jicho la kimbunga, sehemu yake tulivu ya katikati, linapita, na baada yake upepo utarudi kutokea upande wa pili. Wakati huo wa kujifungia ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na hewa yake yenye sumu haina harufu. Wekeni vinavyolika bila moto: karanga, tende, biskuti, korosho zilizokaangwa.

Kwa upande wa mtaa, mwenyekiti na wajumbe waandike kabla ya Machi nani hawezi kutembea, nani anaishi peke yake, nani ana gari au bajaji, na nani atamfuata nani. Namba ya zimamoto, 114, iwe ukurasa wa kwanza. Liwe daftari la karatasi, ndani ya kopo lenye mfuniko, na nakala ikae kwa mtu anayeishi mwinuko.