Boila kwenye nafasi finyu: panga kuanzia kile kitakachofunguliwa

Ukipewa kazi ya kufunga boila ya umeme ya tangi ndani ya kabati, juu ya mlango wa bafu au kwenye kona ambayo mtu anaingia kwa ubavu, swali la kwanza huwa ni kama tangi litaenea. Mara nyingi linaenea. Swali zito zaidi ni hili: baada ya miaka michache fundi mwingine atakapokuja kutoa koili (kipashio cha maji) na fito ya magnesiamu (inayoliwa na kutu badala ya tangi), atavivutia wapi? Kama hukumwachia nafasi, atakata paipu na kushusha tangi zima kwa sababu ya kipuri kinachotoka kwa spana moja. Kwa hiyo hesabu ya nafasi haianzii kwenye upana wa tangi, inaanzia kwenye vitu vinavyofunguliwa: kifuniko cha umeme, flanji ya koili (bamba linaloishikilia koili kwenye tangi), fito, valvu ya usalama na koki ya kufungia maji.

Kwenye boila nyingi za kusimama, koili na fito hutokea chini. Pima urefu wa fito kabla hujatoboa ukuta, kisha ongeza nafasi ya mkono na spana. Fito ya sentimita 30 inahitaji angalau sentimita 40 zilizo wazi chini ya flanji. Kama chini kuna rafu, iwe ya kutolewa. Kitabu cha boila hutaja nafasi ndogo kabisa inayokubalika kila upande. Kifuate hata pale macho yanapokuambia kwamba panatosha.

Ukiona tangi la kusimama halienei, usilishawishi kwa kulilaza. Ndani yake kuna paipu inayopanda hadi karibu na kilele kuchukua maji ya moto. Likilazwa, mdomo wa paipu hiyo unaangukia pembeni, hewa inabaki juu, na koili au sehemu yake inaweza kukaa nje ya maji na kuungua. Yapo matangi yaliyoundwa kulazwa, nayo yana upande wake maalumu ulioonyeshwa kwenye kibati. Nunua hilo, au punguza lita.

Sasa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo boila ya lita 80 ina kilo 80 za maji, na tangi lenyewe linaongeza kilo 20 na zaidi. Zaidi ya kilo mia zinaning'inia kwenye boliti chache. Ukuta wa zege au tofali lisilo na tundu unabeba kwa boliti za kutanuka za milimita 10 au 12, kadiri bano (chuma cha kuning'inizia tangi) linavyoruhusu. Kwenye tofali la matundu boliti hizo hazifai: zinatanuka ndani ya uwazi, zinashika ganda jembamba, kisha zinalegea taratibu. Hapo pitisha boliti ukuta mzima na uweke bamba la chuma upande wa pili, au tengeneza stendi ya chuma inayopeleka uzito sakafuni. Ukuta wa jipsamu peke yake haubebi boila, uwe na boliti za aina yoyote. Na kabla ya kutoboa, jua nyaya na mabomba yaliyofukiwa yamepita wapi.

Usilitupe boksi lililokuja na boila. Kata ubavu wake, uulaze juu ya mgongo wa tangi, uchore matundu ya bano, midomo miwili ya maji na ukingo wa kifuniko cha umeme. Kigandishe kipande hicho ukutani, ukinyooshe kwa pima maji, kisha fungua mlango wa kabati na uone kama mkono unafika kila mahali. Kutoboa kwa kukisia huku umebeba tangi kifuani ndiko kunakozaa bano lililopinda na paipu zilizopindishwa kwa nguvu ili zikutane.

Kama unatumia PPR, yaani paipu za plastiki zinazounganishwa kwa joto, kumbuka kwamba mashine ya kuunganishia nayo inahitaji nafasi, na kwenye kona finyu haingii. Unganisha vipande vingi iwezekanavyo mezani, ubakize maungio ya nyuzi tu (yale ya kukaza kwa spana) kwa ajili ya ukutani. Kwa paipu ya milimita 20, mashine ikiwa nyuzi 260 za Selsiasi, pasha kwa sekunde 5, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, kisha usiiguse kwa dakika kama mbili. Ukipasha kupita kiasi au kusukuma kupita alama ya kina, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba sehemu ya njia. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri, ila bombani maji yanatoka machache, na utayatafuta makosa kila mahali isipokuwa hapo. PPR ya kawaida pia hurefuka takriban milimita 6 kwa kila mita joto linapopanda kwa nyuzi 40. Kwa hiyo usiibane kati ya kuta mbili: iache iteleze ndani ya klipu, na iwe na elbo ya kupokea mwendo huo. Sehemu ya kwanza kutoka kwenye tangi upande wa moto iwe ya chuma au hosi iliyoidhinishwa kwa maji ya moto. Kama ni shaba, usiifunge moja kwa moja kwenye nipo (mdomo wenye nyuzi) ya chuma ya tangi, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye maji chuma ndicho kinacholiwa. Weka katikati kiungo cha kutenganisha chenye plastiki ndani. Weka yunioni (kiungo kinachofunguka kwa spana) kwenye midomo yote miwili, ili tangi lishuke bila msumeno.

Upande wa maji baridi mpangilio wake haubadilishwi kwa sababu ya ufinyu. Maji yanapita kwenye koki ya kufungia, halafu kwenye kipunguza presha kama presha ya mtaani inazidi baa 5, halafu kwenye valvu ya usalama, ndipo yanaingia tangini. Kati ya valvu ya usalama na tangi pasiwe na koki yoyote. Sababu ni hii: maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 65 yanaongezeka karibu asilimia 2, yaani lita moja na nusu kwa tangi la lita 80. Valvu hii kwa kawaida huja pamoja na kizuia maji kurudi nyuma, kwa hiyo ongezeko hilo halina pa kwenda isipokuwa kudondoka kwenye mdomo wake. Kudondoka wakati wa kupasha ni kazi yake. Mwenye nyumba atalalamika, na fundi mgeni atashawishika kuuziba mdomo. Usizibe kamwe. Themostati (kidhibiti joto) ikigoma huku mdomo umezibwa, presha inapanda hadi tangi linapasuka, na maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke mara moja. Watu wamekufa kwa kosa hili. Suluhisho la malalamiko ni paipu ya kumwagia iliyo na mteremko muda wote, isiyopunguzwa kipenyo, inayoishia mahali wazi panapoonekana. Kama matone hayakomi hata boila ikiwa imepoa, presha ya mtaani ni kubwa au kuna takataka kwenye kiti cha valvu.

Umeme, kwa nchi nyingi, ni wa fundi mwenye leseni, lakini wewe wa mabomba ndiye unayempangia njia. Boila ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta ampea 8.7, na ya wati 3000 inavuta 13. Kwa njia fupi, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 hutosha, ukiwa na breka yake, kinga ya umeme unaovuja ya miliampea 30 na ethi iliyopimwa. Swichi ikate nyaya zote mbili na ikae mbali na mtu anayeoga. Waya usilale juu ya paipu ya moto, na kabla haujaingia kwenye kifuniko ufanye tumbo kidogo kuelekea chini, ili tone likitambaa juu yake lidondoke hapo badala ya kuingia ndani.

Jaza kwanza, washa baadaye. Fungua bomba la moto la mbali zaidi, ruhusu maji baridi, na usubiri hadi mkondo utoke mzima bila kukohoa hewa. Koili ikiwaka kavu inaharibika ndani ya muda mfupi sana. Funga bomba, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo: itakuonyesha unyevu ambao kidole chenye jasho hakiwezi kuutambua. Themostati iwe nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu, lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo weka valvu ya kuchanganya kabla ya bafu, hasa penye watoto au wazee. Lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji takriban yuniti 3.7 za umeme, kwa hiyo koili ya wati 2000 itamaliza karibu na saa mbili. Ikizidi sana hapo, pima koili na volti zinazoifikia.

Tangi likishapata joto na kupoa mara ya kwanza, rudi ukague boliti na maungio ya nyuzi, kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye tangi, mahali panapoonekana mlango ukifunguliwa, tarehe ya kufunga na tarehe ya kukagua fito. Mwaka mmoja ni muda mzuri wa ukaguzi wa kwanza. Baada ya hapo hali ya fito yenyewe ndiyo itakayosema irudiwe lini.