Macho makavu baada ya hedhi kukoma

SWALI: Habari dokta, nina miaka 53 niko Mikindani, tangu hedhi ikome macho yanachoma afu yanamwaga machozi, wanasema moshi wa korosho, mbona binti yangu tunabangua wote na yeye hana kitu?

JIBU: Pole sana mama. Moshi unachangia kweli, ila tezi ya machozi na vile vitezi vya mafuta kwenye kope vina vipokezi vya homoni, hasa androjeni, yaani homoni ya kiume, ambayo hata wanawake tunayo, sasa umri ukienda inapungua, mafuta yanakuwa machache, machozi yanakauka haraka na jicho likiumia ndo linamwaga maji hovyo. Vidonge vya estrojeni, yaani homoni ya kike, usijinunulie, vinaweza kuzidisha ukavu! Kanda kope kwa kitambaa cha uvuguvugu, afu kapimwe macho pale hospitali ya Ligula, Mtwara.