Maswali na majibu: Wanaipendea nini Haskell?

Safu iliyopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba kuna lugha ya programu iitwayo Haskell yenye wapenzi wachache wasiobanduka. Sentensi hiyo imeniletea maswali kuliko yote niliyoandika kuhusu simu za bei nafuu. Nimechagua haya.

Shikamoo. Nasoma mwaka wa pili MUST. Ninayeishi naye geto anakesha na Haskell, na kwenye matangazo ya kazi sijawahi kuiona. Anapoteza muda, au kuna kitu sikioni? – Mwanafunzi, Iyunga

Marahaba. Kuhusu matangazo ya kazi, umeona sawasawa. Lakini mwenzako usimwulize lugha hiyo inamruhusu kufanya nini. Mwulize inamkataza nini, maana hapo ndipo penzi lake lilipo.

Chukua chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi. Kinapokea kilo za kahawa mbivu, kinapokea pia kilo za kahawa ya maganda, na bei zake ni mbali kabisa. Katika lugha kama PHP au Python ya kawaida, zote hizo ni namba. 40 na 12 zinajumlishwa bila kitu chochote kuguna, na kosa linajitokeza siku ya malipo, mkulima akiwa amesimama dirishani na kadi yake mkononi. Katika Haskell unatangaza mapema kwamba hizi ni aina mbili tofauti. Atakayezijumlisha, hata akiwa ni wewe mwenyewe saa nane usiku, kompaila, yaani chombo kinachogeuza ulichoandika kuwa programu ya kuwashwa, inagoma kuitengeneza mpaka arekebishe. Haisubiri msimu uishe.

Au tuseme chama kinataka kuwatumia wanachama ujumbe wa simu, na wengine hawana simu. Lugha nyingi hujaza pengo hilo kwa kitu kiitwacho null, yaani “hapa hakuna kitu”, kisha programu inaanguka pale inapokigusa ikidhani ni namba. Tony Hoare, Mwingereza aliyekiingiza katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama mbele ya watu mwaka 2009 akakiita kosa lake la dola bilioni moja. Katika Haskell, “huenda ana namba” ni aina peke yake, tofauti na “namba”. Huwezi kuipeleka panapotakiwa namba mpaka useme wasio na simu utawafanyaje.

Matokeo yake ndiyo yanayomkesha mwenzako. Anabadilisha jambo kubwa katikati ya programu, na kompaila inamtajia sehemu moja baada ya nyingine zilizoathirika. Anazinyoosha zote, inakubali, anaiwasha, inafanya kazi palepale. Si kila mara, bila shaka. Bei ya kilo ukiiandika vibaya, Haskell italipa vibaya kwa uaminifu mkubwa. Lakini yako makosa ya namna fulani ambayo haimbidi tena kuyabeba kichwani, na aliyezoea kulala bila mzigo huo harudi kuubeba kwa hiari.

Mimi ni mhasibu, sijui programu ila Excel. Hizo lugha za “fanksheni” ni kitu gani? – Vwawa

Kama unajua Excel, umeshaandika programu za namna hiyo miaka yote. Ukiweka =B2*C2 kwenye D2, huiambii kompyuta hatua za kufuata; unaieleza D2 ni nini. Jibu linatokana na B2 na C2 tu, na fomula hiyo haiwezi kwenda kisirisiri kubadilisha B7. Haskell imeshikilia katazo hilo karibu kila mahali: fanksheni, yaani kipande cha programu kinachopokea vitu na kutoa jibu, ikipewa vitu vilevile inatoa jibu lilelile, na hairuhusiwi kuchokoa vya nje bila kutangaza.

Mizizi yake ni hesabu za Mmarekani Alonzo Church za miaka ya 1930. Mwaka 1958 John McCarthy alianzisha Lisp, lugha kongwe ya ukoo huu. Haskell yenyewe ilianza na kundi la watafiti waliokubaliana mwaka 1987 kuunganisha nguvu badala ya kila mmoja kuwa na kalugha kake. Toleo la kwanza likatoka 1990, na jina ni la mtaalamu wa mantiki Haskell Curry. Mmoja wa wabunifu wake, Simon Peyton Jones, alishiriki pia kuileta kwenye Excel LAMBDA, ya kujitengenezea fanksheni zako mwenyewe, iliyotangazwa Desemba 2020. Kwa hiyo ukikutana na yule kijana wa Iyunga, msalimie kama ndugu.

Nauza simu hapa Tunduma. Fundi mmoja kaniambia WhatsApp imeandikwa kwa lugha ya ajabu ya namna hii. Kanidanganya? – Tunduma

Hajakudanganya. Programu iliyo kwenye simu za wateja wako ni habari nyingine, lakini seva zinazopitisha ujumbe zilijengwa kwa Erlang.

Erlang ilizaliwa mwaka 1986 katika maabara ya Ericsson, kampuni ya mitambo ya simu ya Sweden, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Walikuwa wanatafuta namna ya kuandika programu za mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimwa, hata wakati wa kuibadilisha. Wakaamua kila mazungumzo yapewe mchakato wake mdogo, na mchakato mmoja usiweze kamwe kugusa kumbukumbu ya mwingine. Itumiane ujumbe tu. Mmoja ukiharibika unaachwa ufe, msimamizi wake anaanzisha mwingine, na watu wengine wanaendelea kuongea bila habari. Katazo tena, ila la aina nyingine. Kuhusu aina za data, Erlang ni mpole sana ukiilinganisha na Haskell.

Mwaka 1998 kitengo kimoja cha Ericsson kilipiga marufuku Erlang kwenye bidhaa mpya, kikitaka lugha zinazojulikana na wengi. Mwaka huohuo lugha ikaachiwa bure kwa dunia nzima, na Armstrong na wenzake kadhaa wakaondoka. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp ilieleza kwamba seva yake moja ilikuwa imeshika miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Ilipokubali kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji kama milioni 450 na wahandisi wapatao 32. Mpenzi yeyote wa Erlang atakutajia namba hizo hata hujamuuliza, na mimi, kama unavyoona, nimekutajia.

Kamwene. Ofisini tunaye mmoja. Kila kikao lazima aitaje Haskell, na wanaotumia PHP anawaona kama hawajaokoka. Kwa nini wako hivi? – Iringa mjini

Kamwene. Neno “kuokoka” umelitumia vizuri. Wanafanana na walokole kwa sababu wameingia kwa njia ileile. Java mtu huikuta kwenye mtaala, PHP huikuta kwenye kazi ya kwanza. Haskell hakuna aliyekutuma. Umeifuata mwenyewe, mara nyingi baada ya mfumo fulani kukutesa usiku wa kuamkia mwisho wa mwezi. Mtu aliyefika hivyo lazima awe na ushuhuda, na mwenye ushuhuda hatulii kwenye kikao.

Kuna sababu ya pili isiyosemwa sana. Jamii zao ni ndogo, kwa hiyo mgeni akiuliza swali anaweza kujibiwa na mtu aliyeshiriki kuandika kompaila yenyewe. Katika lugha kubwa hilo ni nadra. Na Haskell kwa muda mrefu ilikuwa na kaulimbiu ya utani iliyotokana na Peyton Jones, ya kukwepa mafanikio kwa gharama yoyote. Walitaka kubaki huru kuibadilisha lugha bila kuogopa mamilioni ya watumiaji. Ukiishi ndani ya utani huo miaka kumi, uchache unaanza kuonekana kama sifa.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Mfumo wa PHP uliolipa mishahara yenu unastahili heshima, na dharau haijawahi kumfundisha mtu kitu. Siku akiwaudhi tena, mwambieni ushindi wao umeshafika bila wao kuwa wengi: ule mtindo wa Python wa kutengeneza orodha kwa mstari mmoja ulichotwa Haskell na kuingia mwaka 2000, Java ilipokea lambda, yaani fanksheni zisizo na jina, mwaka 2014, na kompaila ya kwanza ya lugha ya Rust iliandikwa kwa OCaml, lugha nyingine ya ukoo huu. Anayeandika Python leo anakula chakula cha jikoni kwao.

Monadi ni nini? – Mafinga

Ni namna ya kupanga hatua zifuatane, kila moja ikitumia jibu la iliyotangulia, bila kuvunja katazo la kuchokoa vya nje kisirisiri. Haskell ya mwanzo ilikuwa inasumbua hata kupokea maandishi ya kibodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Philip Wadler, akitumia mawazo ya Eugenio Moggi, alionyesha njia hii. Maelezo marefu kuliko haya yasome baada ya kuandika programu kadhaa. Ukiyasoma kabla, utaumwa kichwa bure.

Nimepata kazi ya kutengeneza mfumo wa duka la pembejeo Makambako. Nataka niuandike kwa Haskell ili nijifunze hukohuko. – Njombe

Hapana, mdogo wangu. Jifunze kwa muda wako, si kwa mbolea ya mtu. Wewe ukipata kazi Dodoma mwakani, mwenye duka atampata wapi wa kurekebisha risiti? Na mchana ukikwama kwenye kuunganisha malipo ya simu, mifano utakayoipata kirahisi ni ya PHP, Java na Python.

Andika kwa lugha ambayo mwenzako wa Makambako anaisoma, ila hamishia humo tabia. Hesabu za bei, punguzo na salio ziweke kwenye fanksheni ndogo zisizogusa hifadhidata wala printa; zipe namba, zirudishe namba, basi. Utaweza kuzijaribu zote kabla hujafungua hata droo ya duka. Ukitumia TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa kutangaza aina, badala ya JavaScript tupu, utapata sehemu ya ulinzi niliomweleza yule wa Iyunga.

Kama shida yako ni pesa, wanaolipa wapo: Jane Street ya New York inaendesha biashara yake ya fedha kwa OCaml, na Nubank ya Brazil iliipenda Clojure, ya ukoo wa Lisp, kiasi cha kuinunua Cognitect, kampuni ya walezi wa lugha hiyo, mwaka 2020. Nafasi hizo ni chache na wanaozigombania ni wa dunia nzima.

Nina laptopu ya RAM 4GB na bando langu ni la mawazo. Naweza kuanza na ipi? – Tukuyu

Haskell husakinishwa kwa chombo kiitwacho GHCup, na mizigo yake yote ukiijumlisha ni gigabaiti kadhaa. Ifanye siku ukiwa na wi-fi ya chuo au ya rafiki mkarimu. Kisha tumia kihariri chepesi pamoja na GHCi, dirisha la kujaribia Haskell mstari kwa mstari, na kile kisaidizi cha kihariri kiitwacho haskell-language-server kiache kabisa. Kwenye 4GB kitameza kumbukumbu yote. Elixir ya Mbrazili José Valim, inayokimbia juu ya mtambo wa Erlang, ni nyepesi kuliko hapo. Ila kwa hali yako mimi ningeanza na Racket, ya ukoo wa Lisp: unapakua mara moja, na maelezo yake yanakuja humohumo, kwa hiyo unazima data na kuendelea kusoma. Hakikisha ni toleo kamili, maana lile dogo linakuja bila maelezo hayo.