Pesti ya joto kwenye droni

Ndugu wa Mbarara, umeuliza kama pesti ya kompyuta, ile ya kupitisha joto kutoka chipu hadi bamba la kupozea, yafaa kwa droni. Hiyo nyeupe uliyonayo inafaa, mradi haipitishi umeme. Ya metali kimiminika usiiguse: ina galiamu, nayo hula alumini ya bamba la kupozea, na tone likidondoka kwenye bodi ni shoti.

Ila kwanza, ulipofungua ulikuta nini? Kama kulikuwa na kipande laini kama raba kati ya chipu na bamba, basi pana mwanya ambao pesti haitauziba. Tafuta kipande kingine cha unene uleule, kwa mafundi wa simu Kampala hukosi. Mimi niliwahi kukipuuza, nikapaka pesti tupu. Droni ikazima kwa joto ikiwa bado mezani.

Kama ilikuwa pesti tangu mwanzo, futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu (si pombe ya waragi, ssebo!), weka tone kama punje ya mtama, kaza skrubu kwa kupishana pembe. Ukiijaribu ndani, iwashie feni, maana angani hupozwa na upepo.