Digrii ya muziki kwa masafa ukiwa Mtwara: niliyojifunza mimi, uyajue kabla hujaanza

Wadogo zangu, tangu nimalize hii digrii nimekuwa napigiwa simu sana, mara mwanakwaya wa Masasi, mara mwalimu mwenzangu wa Lindi, juzi kijana mmoja mpiga kinanda wa Nachingwea, wote wanauliza swali moja, dada, hivi inawezekana kweli kusoma muziki chuo kikuu huku unafanya kazi na hujahama nyumbani? Inawezekana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara, naimba alto kanisani, nimesoma na chuo kimoja cha Uingereza kwa njia ya masafa, imenichukua miaka sita. Sasa badala ya kurudia kwenye simu kila siku naandika yote hapa.

Kwanza fikiria kama masafa ndo njia yako. Kama una umri mdogo, huna familia na unaweza kuondoka, kuna chuo kikuu cha Makumira kule Usa River wanaotoa digrii ya muziki, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa ngazi za chini kidogo kuna TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo. Ukikaa na wenzako mnapiga pamoja kila siku unapata kitu ambacho kwenye laptopu hukipati, hilo nalisema wazi kabisa. Mi nilikuwa na watoto wawili na ajira, nisingeweza kuacha. Na kama ni chuo cha nje, kabla hujalipa hata shilingi ulizia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kama hiyo digrii wataitambua, maana kuna watu wamekuja kuuliza wameshamaliza, inauma.

Haya, tuje kwenye hilo neno wanaloliweka kwenye matangazo, kwamba masomo yananyumbuka, unasoma kwa muda wako. Mi nilivyosoma pale nikaelewa kwamba kazi ni ndogo. Sivyo. Digrii ya Uingereza yenye onazi (honours) ni krediti 360, na krediti moja inahesabiwa kama masaa 10 ya kusoma. Ukichukua krediti 60 kwa mwaka, ambayo ndo nusu ya mzigo wa mwanafunzi wa kutwa, una masaa 600, yagawe kwa wiki kama 36 hivi unapata karibu masaa 17 kila wiki. Masaa hayapungui hata moja, kinachonyumbuka ni wapi utayaweka. Mi niliyaweka alfajiri, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, siku tano, hapo una kumi. Jumamosi mchana manne, Jumapili baada ya ibada matatu. Watoto wakajua, jirani akajua, mwenyekiti wa kwaya akajua. Ukiyaacha yaelee elee, ntasoma nikipata nafasi, mdogo wangu hiyo nafasi haiji.

Halafu sisi watu wa kusini tuna korosho, na hili hakuna chuo kitakwambia. Mwaka wa masomo wa wenzetu unaanza Oktoba na asaimenti ya kwanza inadondokea Novemba, yaani katikati kabisa ya msimu, watu wako shambani wanaokota, magunia yanapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika, mnada unasubiriwa, na mzee anakutegemea ukamsaidie kuhesabu. Mwaka wa kwanza nilijikuta Newala na magunia na kitabu cha harmonia, yaani namna ya kupanga sauti ziende pamoja, kiko kwenye begi hakijafunguliwa siku tisa. Mwaka wa pili nikabadilisha, nikawa nafungua maswali ya asaimenti Septemba siku yanapotoka, naandika hata rasimu mbovu, ili Novemba niwe narekebisha tu. Na chuo changu kiliruhusu kuchukua krediti 30 mwaka ambao mambo ni mazito, ulizeni mapema kama na cha kwenu kinaruhusu, sio aibu, ni kupanga tu.

Saa pia. Vipindi vya onlaini vya jioni wenzetu wanaanza saa moja usiku kwa saa ya kwao, hapa kwetu hiyo ni saa nne usiku wakati wa baridi yao na saa tatu wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao wanabadilisha saa, wanaisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mi mwezi Machi mmoja niliingia saa nne kamili, nimeoga, nimejiandaa, hedifoni kichwani, nakuta wanaagana. Kilikuwa kipindi cha kujiandaa na mtihani. Andika hizo tarehe mbili ukutani.

Sasa nataka nikae kidogo hapa maana ndo kiini cha yote. Watu wengi tunaingia tukidhani digrii ya muziki ni kuimba vizuri na kupiga kinanda vizuri. Kupiga kupo, lakini sehemu kubwa ni kusikiliza na kuandika ulichosikia. Insha yangu ya kwanza niliandika maisha ya mtunzi, alizaliwa wapi, aliteseka vipi, kurasa nne safi kabisa, nikapata 48. Mwalimu aliandika pembeni swali moja tu, umesikia nini, na umekisikia wapi kwenye muziki? Nililia, lakini nikalibandika hilo swali kwenye kioo. Tangu siku hiyo kila sentensi niliyoandika kuhusu wimbo niliilazimisha ijibu. Sio "wimbo unahuzunisha", hapana, sema kwenye kipimo cha 9, yaani kile kijumba cha tisa kati ya mistari ya wima, bezi inashuka hatua kwa hatua huku soprano imeganda kwenye nota moja, na hapo ndo huzuni inapoingia. Hiyo inaitwa uchambuzi. Ile ya kwanza ni hisia tu, na hisia hazina alama.

Kuhusu alama zenyewe, msije mkaogopa. Kule 40 ni kufaulu, kuanzia 60 ni nzuri kweli, 70 na kwenda juu ndo daraja la kwanza kabisa. Mtu aliyezoea kusikia 85 na 90 akipata 62 anaona amefeli, kumbe yuko vizuri tu.

Kitu kinachotusumbua sana watu wa kwaya ni nota. Wengi wetu tumekulia kwenye solfa, ile karatasi imeandikwa juu "Doh ni G" halafu d, r, m, nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inakata pigo nusu, kistari kinaendeleza sauti. Watu wanaidharau solfa, mi siidharau hata kidogo. Ilienezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19 akitumia kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili watu wa kawaida wasio na kinanda waimbe kwa kusoma, na ndicho ilichotufanyia sisi mpaka leo. Mtu wa solfa ana kitu kikubwa, anasikia kila sauti iko wapi ukilinganisha na do, na hicho ndicho wenzako wa Ulaya wanachohangaika kukipata kwenye mazoezi ya sikio. Ila chuo kinataka stafu, mistari mitano, na hapo hakuna njia ya mkato. Kabla ya kuanza jipime na teoria ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ukiweza maswali ya gredi ya 5 bila kukimbilia majibu basi utaingia mwaka wa kwanza bila kuzama.

Mi nilijifunza hivi, nilichukua wimbo ambao kwaya yetu tumeuimba zaidi ya miaka kumi, nikashusha MuseScore, programu ya kuandika nota ambayo ni bure, nikaanza kuhamisha solfa kwenda kwenye stafu, sauti moja moja. Do ni G, kwa hiyo kila ti inakuwa F iliyopandishwa, naiweka, nabonyeza kusikiliza, nasikia kitu cha ajabu kwenye sauti ya tenori, narudi, kumbe nimekosea oktavu, nota ni ileile ila ngazi ya juu au chini siyo. Wimbo mmoja ulinichukua wiki mbili. Wa tano ulinichukua jioni moja. Fanya hivyo na nyimbo kumi unazozijua kwa moyo na hiyo mistari mitano itaacha kukutisha, maana sikio lako tayari linajua jibu, jicho ndo linajifunza.

Vifaa sitaongea sana. Laptopu ya kawaida inatosha. Hedifoni nunua za waya, sio Bluetooth, kwa sababu Bluetooth inachelewesha sauti na ukijirekodi ukiimba juu ya mdundo utajikuta uko nyuma muda wote na utadhani kosa ni lako. Sauti za masomo zishushe zote mwanzo wa moduli usiku bando likiwa rahisi, usitegemee kusikiliza moja kwa moja kwenye mtandao. Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima, na kabla ya hapo Kimbunga Hidaya kilishatukatia barabara ya Dar huku Lindi, mi niliendelea kusoma kwa sababu kila kitu kilikuwa ndani ya mashine na nakala kwenye fleshi. Na umeme hapa mnaujua wenyewe, chaji ikiwa imejaa lala nayo imejaa.

Harmonia itawagombanisha na masikio yenu kidogo. Watakufundisha mtindo wa sauti nne wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, na watakukata alama ukiandika tano sambamba, yaani sauti mbili zimeachana kwa nota tano ukihesabu na zenyewe, kama do na so, na zinatembea pamoja hivyo hivyo kwenda nota inayofuata. Sasa mimi nimekulia kwa bibi Newala, akina mama wakiimba kwenye ngoma sauti ya pili inakwenda bega kwa bega na ya kwanza mwanzo mwisho, na ni tamu, hakuna anayeikata. Nilimuuliza mwalimu wangu kwa nini kwetu ni uzuri na kule ni kosa, akafurahi sana, akasema hilo swali liandike kwenye insha. Kanuni za Bach ni kanuni za Bach, zijue, zifuate kwenye zoezi la Bach, sio kanuni za kila muziki duniani. Msione haya kupeleka vitu vya kwetu kwenye insha pale mnaporuhusiwa kuchagua mada. Ukitaja sindimba au mapiko, ile ngoma ya vinyago, mle ndani unaongea kama mtu anayejua, hukopi popote.

Na kwa mradi wa mwaka wa mwisho nina la kuwaambia kutoka rohoni. Mi nilitaka kuandika juu ya nyimbo za unyago, nikaenda kwa kungwi mmoja mzee, tukala ming'oko, tukaongea vizuri sana, nilipofikia kutoa simu nirekodi akanishika mkono. Akasema hizi ulipewa ukiwa ndani, sio za kutoka nje. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano na pendekezo la mradi limeshapitishwa. Niliumia, ila alikuwa na haki, na chuo chenyewe kinakudai ridhaa ya watu unaowarekodi, bila hiyo kazi haipokelewi. Kwa hiyo uliza ruhusa kabla hujaandika pendekezo, sio baada. Na kabla hujasafiri angalia kwanza maktaba za sauti, kwa mfano ILAM ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, wana rekodi alizofanya Tanganyika mwaka 1950, inasaidia kujua wengine walishasikia nini.

Nikabadilisha, nikaenda kwa mjomba, mpiga ngoma. Akawasha majani makavu, akazipasha ngozi mpaka zikalia anavyotaka, akachomeka vinganga chini, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, akaanza na vile vijiti vyembamba. Nilirekodi dakika nne kwa simu. Nyumbani nikaiingiza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo nayo ni bure, nikaipunguza kasi nusu bila kubadilisha sauti, nikaanza kuandika. Nilijaribu kuhesabu nne nne, haikukaa kwa makofi. Nikajaribu tatu tatu, makofi yakakaa ila vijiti vikakimbia. Wiki nzima. Mpaka nilipohesabu mapigo madogo 12 kwa mzunguko mmoja ndo nikaona, makofi yanayagawa kwenye mafungu manne ya tatu tatu na kijiti kinayagawa kwenye mafungu matatu ya nne nne, vyote viwili kwa pamoja, na mimi nilikuwa nalazimisha kimoja kimfuate mwenzie.

Nikaiandika yote kwenye 12/8, yaani mapigo madogo 12 kwa kila kipimo, kurasa tatu, nikaona nimemaliza. Ila kabla ya kutuma nikapanda gari kwenda Newala nikamwekea mjomba ile programu ipige nilichoandika, naye hajui kusoma nota hata moja. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mara akanyoosha kidole, hapo, kijiti cha pili hakianzi na kofi, kinaanza likishapita. Nikamchezea tena, akaonyesha palepale. Kilikuwa kipimo cha 5. Nikakaa chini ya mkorosho na laptopu mapajani nikaisogeza ile nota mbele kwa pigo moja dogo, nikaicheza, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia sasa ongeza sauti.