Vipande vya kitenge na kanga: mimi navitumia hivi

Kwenye kona ya chumba changu cha kushonea, hapa Ngamiani, Tanga, palikuwa na gunia la mabaki lisilopungua. Kila nikimaliza gauni, vipande vinaingia humo. Nikihitaji kimoja, namwaga gunia zima sakafuni na kuambulia vumbi. Siku hizi gunia sina. Nikishakata nachagua papo hapo, kabla sijakaa kwenye cherehani: vinavyozidi kiganja huku, vyembamba virefu kule, na makombo yasiyoshonekana kwenye mfuko wake.

Lakini kabla ya yote, mwulize mwenye kitambaa. Mabaki ni mali yake, hata yakiwa na ukubwa wa leso ya mfukoni. Wengi hukuambia "kaa nayo tu, fundi", ila wanafurahi kuulizwa.

Halafu ujue umeshika kitambaa gani. Niliwahi kumshonea jirani vishikio vya sufuria kwa mabaki ya satini, vikapendeza kweli. Sufuria ya kwanza ya ugali ikaviyeyusha, akaungua vidole. Iliniuma sana. Tangu hapo nachomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu. Cha jikoni kiwe pamba tupu: kitenge nje pande zote mbili, katikati taulo kuukuu iliyokunjwa. Na ufue kwanza, hasa kanga nyekundu, maana ikichuja baada ya kuunganishwa na nyeupe, kazi yote imekwenda.

Vile vyembamba ndivyo nivipendavyo, kwa sababu vinatoa zulia la mlangoni. Chana upana wa vidole vitatu, unganisha ncha kwa ncha, kisha suka utatu kama unavyosuka nywele. Suka ikifika mita kadhaa, anza kuizungusha na kuishona ubavu kwa ubavu kwa sindano ya gunia na uzi imara. Shonea mezani au sakafuni, usipakate. Ukipakata mkono unavuta bila wewe kujua, na kingo zinainuka kama ungo. Zikianza kuinuka usijidanganye kwamba pasi itazilaza. Fumua mizunguko miwili, iache suka ya nje ilegee kidogo, endelea. Zulia moja hunichukua jioni nne au tano, na linafulika miaka. Ukiishia kwenye mzunguko mdogo mnene umepata kata ya kujitwika ndoo, kama bibi yangu alivyokuwa akisokota kwa kanga zilizochakaa.

Makombo nayajazia mito. Yakatekate kabisa, tena uyachanganye na sufi, la sivyo mto unakuwa na vinundu na shingo itakusumbua. Vya kiganja vinatosha kuvalisha vifungo na lastiki za nywele, au mfuko wa gauni la mtoto.

Na kanga ina kitu ambacho kitenge hakina: jina. Mwaka jana dada mmoja aliniletea doti mbili za marehemu mama yake, niwashonee mabinti zake madera. Majina hayakuingia kwenye mshono. Kipande chenye jina la ile doti ya kwanza nikakiweka katikati ya foronya, nikakizungushia pindo lake lenyewe. Alipokuja kuchukua nguo alikaa kwenye benchi, akapitisha kidole herufi moja moja, akisoma kimyakimya. Kisha akaniuliza kama la ile doti ya pili nalo lilibaki.

Lilibaki. Nilikuwa nimelitenga siku ile ile niliyokata.